Mafuta ya Tangi Hayauzwi kwa Kibaba

Jumamosi moja ya Februari, kipimajoto kikisoma nyuzi 18 chini ya sifuri, nilimkuta mzee mmoja wa Bukavu, Papa kama Wakongo wanavyomwita mtu mzima, kwenye kituo cha mafuta hapa Lewiston, Maine, amechuchumaa akijaza dizeli kwenye dumu la manjano. Huku manjano ni rangi ya dumu la dizeli. Kwetu dumu la rangi hiyo ni la maji. Gari lake nalijua, linakunywa petroli. Nikamwuliza, “Papa, dizeli ya nini?” Akajibu bila kuinua kichwa: “Ya kulala, ndugu.”

Tangi lake la mafuta ya kupashia nyumba joto, lililo besimenti, chumba cha chini ya nyumba, lilikuwa limekauka alfajiri. Muuzaji wake wa mafuta hatumi lori kwa chini ya galoni 100, na kwa bei ya siku ile galoni 100 zilikaribia dola 350, ukiacha malipo ya ziada ya kumtoa dereva nyumbani mwisho wa wiki. Papa alikuwa na dola 40 za kumfikisha Ijumaa ya mshahara. Akafanya wanachofanya wengi hapa wakiishiwa: akanunua galoni tano za dizeli, maana dizeli na mafuta ya kupashia nyumba joto ni ndugu wa tumbo moja. Boila, ile mashine inayopasha maji ya kuleta joto nyumbani, haibagui. Tofauti unayoweza kuiona kwa macho ni rangi nyekundu inayotiwa kwenye mafuta ya nyumbani ili yasiuzwe barabarani kwa kukwepa kodi. Ukinunua ya kituoni unalipa kodi ya barabara ya shirikisho na ya jimbo, jumla zaidi ya nusu dola kwa kila galoni, kwa mafuta ambayo hayatakanyaga barabara hata siku moja. Na galoni tano, kwa baridi ile, ni usiku mmoja na asubuhi yake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haijazi tangi la galoni 275.

Mimi si fundi wa boila. Ni mkalimani, na kazi hiyo imenifanya nisome bili za watu wengine kuliko zangu. Karibu kila wiki mtu wetu anayetafuta nyumba, ya kupanga au ya kununua, ananiuliza: mafuta na gesi, kipi nafuu? Miaka ya mwanzo nilikuwa nikitoa namba, tena kwa kujiamini. Siku hizi nauliza kwanza: bili ni ya nani, na fedha zako huingia lini?

Tuanze na mahali penyewe. Hakuna jimbo la Marekani linalotegemea mafuta ya kupashia joto kama Maine. Nyumba zinazotumia gesi ya bomba hazifiki moja katika kumi. Sababu ni jiografia zaidi ya ukaidi wa watu: jimbo ni msitu, ardhi yake ni mwamba, na watu wamekaa mmoja huku mwingine kule. Kuchimba mtaro wa bomba kwa ajili ya nyumba kumi zilizoachana nusu maili si biashara. Lori la mafuta linafika popote penye barabara iliyofagiliwa theluji. Gesi imebaki mijini, katika Portland, Lewiston na Auburn, Bangor, na baadhi ya miji ya bonde la mto Kennebec. Na hiyo miji ndimo tulimo sisi. Kiangazi cha 2019, mamia ya watu kutoka Kongo na Angola walipolazwa kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu wa Portland kwa kukosa makazi, wengi wao baadaye walitawanyika katika vyumba vya majumba ya zamani ya mbao ya ghorofa tatu ambayo kila moja ina historia yake ya joto: hili lilianza kwa makaa ya mawe, likageuzwa la mafuta, lile likavutiwa gesi, lile lingine lina vyote viwili kwa sababu mwenye nyumba aliishiwa fedha katikati ya kazi.

Kwa hiyo kwetu sisi swali hili lina uzito kuliko kwa mkulima wa kaskazini mwa jimbo, ambaye hana la kuchagua. Sisi bomba linapita mtaani.

Sasa hesabu, kwa sababu bila hesabu tutakuwa tunapiga soga. Joto hupimwa kwa BTU. Njiti moja ya kiberiti ikiungua yote hutoa BTU moja hivi. Galoni moja ya mafuta ina kama BTU 138,500. Gesi ya bomba huuzwa kwa themu, na themu moja ni BTU 100,000. Kwa hiyo galoni moja ni sawa na themu 1.385. Ukitaka kulinganisha bei haraka, chukua bei ya galoni uigawe kwa 1.385. Mafuta ya dola 3.50 ni sawa na gesi ya dola 2.53 kwa themu. Gesi ikiwa chini ya hapo, gesi imeshinda.

Hapo ndipo wachuuzi wa boila hukomea, na hapo ndipo mimi pia nilikuwa nikikomea.

Chukua nyumba inayokunywa galoni 800 kwa msimu, na boila yake ni ya kale: katika kila dola ya mafuta, senti 70 zinakuwa joto na 30 zinatoka kwenye dohani. Kwa dola 3.50, hiyo ni dola 2,800 kwa mwaka. Anakuja mtu anawaambia mng'oe, mfunge boila mpya ya gesi inayogeuza asilimia 95 kuwa joto. Tuseme gesi ni dola 2 kwa themu, pamoja na malipo ya kudumu ya dola 30 kila mwezi, ambayo yanadaiwa hata Julai mnapolala madirisha wazi. Nyumba ile ile itahitaji kama themu 816, na mwaka utagharimu kama dola 1,990. Mmeokoa dola 800 na zaidi. Mnapiga makofi.

Sasa fanyeni jambo ambalo mchuuzi hakulifanya. Bakini na mafuta, lakini ng'oeni ile boila ya kale mfunge mpya ya mafuta, ya asilimia 87. Matumizi yanashuka hadi galoni 644 hivi, yaani dola 2,250. Tayari mmeokoa kama 550. Kumbe katika zile dola 800 zilizopigiwa makofi, sehemu kubwa ni ya kuachana na mashine mbovu. Kuhamia gesi kwenyewe kumeleta dola 260. Na kama boila yenu ya mafuta ni nzima, ya asilimia 85, halafu mwenye nyumba akawafungia boila ya gesi ya bei rahisi ya asilimia 80, basi kwa bei hizo hizo tofauti kati ya mafuta na gesi kwa mwaka haifiki hata dola 100. Namba hizi ni za mfano, bei hupanda na kushuka kila wiki, weka zako. Lakini umbo la hesabu halibadiliki: watu hulinganisha mashine ya zamani ya mafuta na mashine mpya ya gesi, halafu wanasema wamelinganisha mafuta na gesi.

Kugeuza nyumba kutoka mafuta kwenda gesi, ukijumlisha boila, bomba la kuingiza gesi, njia mpya ya moshi na kuondoa tangi, ni maelfu ya dola; kumi elfu si ajabu. Kwa akiba ya dola 260 kwa mwaka, mtoto aliyezaliwa siku ya kufungwa boila atakuwa ameoa kabla fedha hazijarudi. Ndiyo maana mwenye nyumba yake aliye na boila ya mafuta inayofanya kazi huwa namwambia apande darini kwanza. Nyumba nyingi za Lewiston zina pamba kiduchu ya kuzuia joto darini, na mianya inayopitisha upepo unaoweza kuzima mshumaa. Shirika la Efficiency Maine hurudishia watu sehemu ya gharama ya kuziba na kuhami. Joto lisilotoka halina bei ya galoni wala ya themu.

Kabla sijaendelea, kuna mtego wa maneno uliowanasa wengi. Mtu wa Dar es Salaam au Bujumbura akisikia gesi anawaza mtungi. Mmarekani akitamka neno hilo hilo kwa Kiingereza, mara nyingi anawaza petroli ya gari. Na tangazo la nyumba likisema joto ni la gesi, linaweza kumaanisha gesi ya bomba au propani, ambayo ni binamu wa gesi ya mtungi, inayoletwa kwa lori na kuhifadhiwa kwenye tangi la chuma nje ya nyumba. Vitu viwili tofauti kabisa mfukoni. Galoni ya propani ina BTU 91,500 tu. Propani ya dola 3, inayoonekana rahisi kuliko mafuta ya 3.50, kwa joto lile lile ni sawa na mafuta ya dola 4.54. Familia moja niliyoitafsiria mkataba ilihamia nje ya mji ikishangilia “nyumba ya gesi”. Desemba wakanipigia simu wakiuliza kama bili imekosewa. Haikukosewa. Tangu siku hiyo, kabla ya jambo lolote, nauliza: inatoka barabarani kwa bomba au inaletwa na lori?

Na kwa wanaoishi kwenye nyumba za trela, tangi likiwa nje: huko hawatumii mafuta ya kawaida, maana baridi kali huyageuza uji na kuziba bomba. Wanatumia mafuta ya taa. Ndiyo, yale yale ya koroboi na jiko la tambi. Bei yake kwa galoni huwa juu ya mafuta ya kawaida. Bibi yangu alikuwa akiyanunua kwa chupa ya soda, hapa mtu anajaza tangi zima.

Matunzo ndiko mafuta yanakochosha. Kichomeo cha mafuta hufanya kazi kwa kusukuma mafuta kupitia tundu dogo kama la sindano mpaka yawe ukungu, halafu cheche inawasha ule ukungu. Uchafu kidogo kwenye tundu, moto unakuwa wa moshi, masizi yanaganda ndani ya boila, na masizi ni blanketi: joto linashindwa kuingia kwenye maji. Kwa hiyo kila mwaka, bila kujadiliana, fundi anapaswa kuja kubadilisha hilo tundu na kichujio, kupiga brashi masizi na kupima moshi. Dola 200 hivi. Tangu mafuta ya New England, yaani majimbo sita ya pembe hii ya kaskazini-mashariki, yalipoondolewa karibu salfa yote, mabadiliko yaliyokamilika mwaka 2018, masizi yamepungua mno, na mafundi wazee watakwambia kazi imekuwa safi. Lakini bado ni kazi ya kila mwaka.

Halafu tangi. Tangi la chuma la besimenti mara nyingi halianzi kuoza kwa nje, linaozea ndani, kwa sababu unyevunyevu wa hewa hugeuka maji na maji ni mazito kuliko mafuta, basi yanakaa chini kabisa yakilamba chuma miaka ishirini, thelathini. Siku linapotoboka, mafuta yanaingia sakafuni, na sakafu za besimenti za zamani ni udongo. Bima nyingi za nyumba haziligusi jambo hilo. Unayenunua nyumba, usiangalie jiko jipya la kupikia na rangi ya ukutani. Shuka chini na tochi, pitisha kidole chini ya tumbo la tangi. Kidole kikirudi na unyevu, bei ya nyumba izungumzwe upya.

Tangi lina kipenga chake, jambo ninalolipenda. Dereva wa lori akijaza kutoka nje, hewa inayotoka kwenye tangi inapita kwenye filimbi ndogo, inapiga mluzi. Mluzi ukinyamaza, tangi limejaa. Dereva asiyesikia mluzi hatakiwi kuendelea kusukuma mafuta. Kanuni hii ina sababu: nyumba nyingine zilihamia gesi, tangi likaondolewa, mdomo wa bomba ukaachwa ukutani, na lori lililokosea namba ya nyumba likamimina mamia ya galoni kwenye besimenti isiyo na tangi. Ukihamia gesi, hakikisha ule mdomo umeng'olewa, usikubali uzibwe kwa kifuniko tu.

La mwisho kuhusu mafuta, na hili naomba lisambae. Boila ikizima, kuna kitufe chekundu. Kibonyeze mara moja. Isipowaka, piga simu. Watu wetu hubonyeza mara sita, mara kumi, kama wanaamsha simu iliyoganda, na kila ukibonyeza kichomeo kinarusha mafuta mengine yasiyowaka ndani. Siku yakiwaka, yanawaka yote kwa pamoja, boila inakohoa, na masizi meusi yanatapakaa nyumba nzima hadi ndani ya makabati ya nguo. Na dumu la kuokolea usiku likitiwa petroli badala ya dizeli, hakuna tena mazungumzo ya boila. Kutakuwa na mazungumzo ya mazishi.

Gesi haina haya yote. Haina tangi wala masizi ya kupigwa brashi, na halijulikani neno kuishiwa. Kwa mama anayefanya zamu ya usiku na watoto watatu, hilo lina thamani isiyoandikwa kwenye bili. Boila zake mpya zina usumbufu wao: zinanyonya joto hadi mvuke wa moshi unageuka maji yenye tindikali, na maji hayo yana mpira wake wa kutokea ambao ukiziba au kuganda, boila inazima. Moshi wake hautoki juu kwa dohani. Hutoka kwa bomba la plastiki ubavuni mwa nyumba, mara nyingi futi chache kutoka ardhini. Theluji ikirundikana pale, boila inazima ukiwa na bahati, na usipokuwa na bahati hewa chafu inarudi ndani. Jimbo la Massachusetts lilitunga sheria ya kulazimisha vigunduzi vya kaboni monoksidi majumbani baada ya mtoto wa miaka saba kufa katika mji wa Plymouth mwaka 2005, theluji ilipoziba njia ya moshi. Sisi tunaijua hewa hiyo, ndiyo ile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Kifaa cha kuigundua kinahitajika uwe na mafuta au gesi, na koleo la theluji lipite ubavuni mwa nyumba kabla ya kupita kwenye gari.

Wanaoiogopa gesi hunitajia tarehe 13 Septemba 2018, na siwezi kuwacheka. Katika miji ya Lawrence, Andover na North Andover, huko huko Massachusetts, mafundi walikuwa wakibadilisha bomba la zamani la mtaani, lakini vipimo vya msukumo vilibaki kwenye bomba lililoachwa. Msukumo wa bomba lile ukashuka, mitambo ikadhani mtaa mzima umepungukiwa na gesi, ikaongeza. Nyumba zikalipuka na kuungua jioni ile, kijana mmoja akafa, na maelfu ya watu wakakaa miezi bila gesi baridi ikiingia. Kosa halikuwa la mtu yeyote nyumbani mwake. Mafuta yakikuharibikia yanaharibika kwako. Gesi ikiharibika inaweza kuharibika mtaa mzima kwa kosa la mtu usiyemjua. Hata hivyo kwa miaka yote niliyosoma bili za watu sijawahi kutafsiri habari ya mlipuko, na nimetafsiri habari za matangi yaliyokauka hadi nimechoka.

Niseme pia, kwa wanaodhani gesi huwaka umeme ukikatika: haiwaki, si kwa boila za siku hizi. Pampu, feni na cheche za mafuta na za gesi zote zinataka umeme. Dhoruba ya barafu ya Januari 1998 iliwaacha zaidi ya nusu ya wakazi wa Maine gizani, wengine kwa zaidi ya wiki mbili, na waliopata joto ni wenye jiko la kuni.

Turudi kwenye lile swali langu la fedha zinaingia lini. Mafuta ni kama LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania: unalipa kwanza, ndipo uwake. Tofauti ni kwamba LUKU utanunua hata kwa shilingi elfu moja, lakini wauzaji wengi wa mafuta wana kiwango cha chini, galoni 100, na wakati mwingine 150. Aliye na akiba ananunua Julai bei ikiwa chini, au anaweka mkataba wa bei maalumu kabla ya msimu. Asiye nayo ananunua Januari, bei ikiwa juu, akiishiwa anaita lori la dharura na kulipia fundi wa kutoa hewa kwenye bomba kabla boila haijawaka, na katikati ya hapo anabeba dumu la manjano. Majirani wawili wenye boila za aina moja na nyumba za aina moja, mwaka ukiisha, joto la maskini limekuwa ghali zaidi kwa galoni. Tumeliona hili Manzese na Kibera kwa mkaa wa kopo na maji ya dumu.

Gesi ni mkopo. Unatumia, wanasoma mita, bili inakuja mwezi ujao. Tena sheria za Maine zinaibana kampuni ya gesi isikukatie hovyo kati ya tarehe 15 Novemba na 15 Aprili. Hakuna sheria ya namna hiyo kwa tangi. Tangi tupu halina Aprili wala tume ya kulalamikia. Msaada upo: mpango wa shirikisho wa kusaidia wenye kipato kidogo kulipia joto, ambao hapa husimamiwa na MaineHousing, mamlaka ya nyumba ya jimbo, hulipia mafuta na gesi vyote. Lakini maombi huanza kiangazi, na watu wetu hukumbuka kuomba theluji ikishaanguka.

Yapo ya kuyasifia mafuta, na wapenzi wa gesi huyasahau. Mafuta ni soko. Ukigombana na muuzaji, unampigia mwingine. Serikali ya jimbo huchapisha wastani wa bei mara kwa mara, na mara nyingi nimeona tofauti ya senti 40 kwa galoni kati ya wauzaji wawili wa mji mmoja. Gesi ina kampuni moja kwa mtaa wako. Bei inapitia kwenye tume ya jimbo, haipandi usiku mmoja, lakini nawe huna pa kuhamia. Katika 2020 mafuta yalishuka chini ya dola 2. Katika 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, yalipita dola 5. Aliyekuwa na gesi mwaka ule alipandishiwa pia, ila kwa ngazi. New England haina gesi yake. Ile iliyokuwa ikitoka Sable Island, Nova Scotia, tangu 1999 ilikoma mwaka 2018, na wakati wa baridi kali nyumba zinagombania mabomba yale yale na mitambo ya umeme, kiasi cha kuhitaji gesi ya kimiminika inayoletwa kwa meli, ambayo Ulaya nayo inaitaka.

Pampu za joto, mashine za umeme zinazovuta joto la nje na kuliingiza ndani, nazo zimeingia kwa kishindo. Maine ilikuwa imelenga kufunga 100,000 kufikia 2025 na ikavuka lengo hilo 2023. Hiyo ni makala nyingine, ila wengi waliozifunga hawajang'oa boila ya mafuta. Wameiacha kama mtu anavyoacha jembe la zamani mlangoni.

Hukumu yangu basi, na kila mtu aipime kwa mfuko wake. Mpangaji atakayelipa joto mwenyewe, mwenye mshahara wa wiki na asiye na akiba, atafute gesi ya bomba, hata kama themu na galoni zinalingana bei. Mpangaji ambaye joto limo ndani ya kodi asijali ni kipi, ila aangalie madirisha. Mwenye nyumba yake aliye na boila nzima ya mafuta asikimbilie gesi. Boila ikianza kufa na bomba linapita mbele ya mlango, hapo abadilishe, na achukue ile ya asilimia 95, asikubali ya 80. Kabla ya kusaini mkataba, ulizia matumizi ya miezi kumi na miwili iliyopita. Sheria ya Maine inamtaka mwenye nyumba ampe mpangaji anayelipia nishati taarifa kuhusu jambo hili. Kwa gesi namba hizo zinapatikana kwa kampuni moja. Kwa mafuta, mpangaji aliyetangulia alinunua kwa watu wanne na dizeli ya dumu juu yake, na hakuna anayejua jumla.

Papa wa Bukavu alinisikiliza. Oktoba iliyofuata alihamia nyumba ya gesi, mitaa miwili kutoka kwangu, na msimu wote sikumwona tena kituoni na dumu. Aprili alikuja mlangoni na simu mkononi, akanionyesha bili. Alikuwa amelipa kidogo kidogo, dola 50 hapa, 80 pale, na deni la miezi mitano lilikuwa limelala pale chini: dola 712, na onyo la kukatiwa.

“Ndugu, hii ndiyo gesi uliyonisifia?”

“Ndiyo hii, Papa. Ingia ndani.”

Tulikaa mezani, nikapiga simu kwenye kampuni kama mkalimani wake, tukasubiri dakika 40 tukisikiliza muziki. Wakakubali kuigawa mara kumi na mbili. Papa aliandika kiasi cha kila mwezi nyuma ya bahasha, akaikunja, akaniuliza kama lile dumu la manjano lingefaa kubebea maji ya bustani. Nikamwambia hapana, limeshaingia dizeli.